Wanunuzi Wanakuja Jumamosi

Kinyozi aliingia uani mbio, kitambaa begani, kitana kimechomekwa nyweleni, na mkononi ameshika mkasi kana kwamba anakwenda vitani nao.

"Wanakuja!" akasema. "Jumamosi wanakuja!"

Dobi hakuinua macho. Alikuwa na shati jeupe mezani, na shati jeupe halitaki utani. Alinyunyiza maji kutoka kwenye kopo lenye matundu, akapuliza mkaa wa pasi, akaanza na kola kama alivyozoea, kwa sababu kola ndiyo inayosalimia watu kabla mwenyewe hajafungua mdomo.

"Nani wanakuja, shemeji?"

"Wanunuzi. Mwenye nyumba ameuza, au niseme karibu auze. Dalali ameniambia mwenyewe, yuko kitini kwangu sasa hivi."

"Yuko kitini kwako, na wewe uko hapa?"

"Nimemnyoa upande mmoja. Hawezi kwenda popote."

Kinyozi huyo wote walimwita Redio, na kwa kuwa hakuhitaji kuwashwa, hakuna aliyejua namna ya kumzima. Kibanda chake kiliegemea ukuta wa mbele wa nyumba. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na ua mmoja mrefu, bomba moja, choo kimoja, na vyumba vilivyotazamana kama watu waliokosana. Viwili vya mwisho, karibu na jiko la pamoja, vilikuwa vya Dobi, mumewe Mwashi, mama yake Mwashi, ambaye ua mzima walimwita Bibi, na binti yao Kitinda aliyekuwa darasa la mwisho la shule ya msingi, pale nyuma ya mtaa.

Pasi ilisimama. Dobi akaiweka kwenye kigae chake.

"Wakinunua, sisi je?"

"Shemeji, umewahi kuona mtu ananunua godoro akawaacha kunguni?"

Bibi alicheka kutoka kwenye kiti chake kibarazani. Hakuna jambo la mtaa lililompita. Alikuwa ameona karakana ya seremala ikigeuka duka la kahawa, ambako kikombe kimoja kiliuzwa bei ambayo yeye angenunulia kilo ya sukari na chenji ikabaki. Alikuwa ameona mashine ya kusaga ikiondolewa, na mahali pake pakafunguliwa ukumbi wa vioo wa kunyanyua vyuma.

"Zamani watu walilipwa kubeba vyuma," alipenda kusema. "Siku hizi wanalipa wao. Dunia imeshiba."

Lakini kicheko chake siku hiyo hakikufika mbali. Waliohama mtaani walikwenda mbali, kule mji unakoishia, ambako maji hununuliwa kwa ndoo na hakuna mtu mwenye shati la kupigwa pasi. Na mtihani wa Kitinda ulikuwa muhula uliofuata. Mtoto akitolewa shuleni mwaka wa mtihani ni sawa na kuteremshwa mnazini huku mkono umeshagusa nazi.

"Rudi ukamalize kichwa cha watu," Dobi akamwambia Redio. "Halafu jioni tukae."

*

Jioni walikaa. Mwashi alikuwa amerudi kutoka kibaruani, vumbi la saruji limemwingia mpaka kwenye kope. Alikuwa fundi wa kweli, lakini miezi hiyo alikuwa akibeba zege kwenye jengo refu la mtaa wa pili, kwa sababu wasimamizi wa pale walikuja na mafundi wao. Jioni hiyo hakulalamika. Habari ilikuwa imewachangamsha wote kama watu wanaosubiri mechi.

"Sikilizeni," alisema Redio, amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Mtu hanunui asichokipenda. Kazi yetu ni moja tu: wasiipende."

"Hewala!" Bibi akaitikia.

"Mimi nitafungulia muziki mpaka mabati yacheze. Na nywele za wiki nzima nitazimwaga hapa katikati ya ua. Kaka, wewe?"

"Mimi nitasema kuta zimeliwa na chumvi," alisema Mwashi. "Msingi umeketi. Paa linavuja hata jua."

"Bibi?"

"Mimi nitakohoa."

"Utakohoa vipi?"

Bibi akakohoa. Kuku wawili waliruka kutoka jikoni, na mpangaji wa chumba cha pili akatoa kichwa kuuliza kama kuna msiba.

"Inatosha, mama, usije ukaumia kweli," alisema Mwashi huku wote wakivunjika mbavu. Kisha macho yote yakamgeukia Dobi.

"Shemeji," Redio akasema kwa upole kama daktari anayeficha sindano. "Sisi tunayemwogopa ni wewe."

"Mimi? Kwa nini?"

"Ufagio."

Kweli Dobi alikuwa mtu wa ufagio. Aliamka akafagia ua mzima, hata sehemu zisizokuwa zake, akachora mistari mchangani iliyonyooka kama ya daftari. Kumwambia asifagie ilikuwa kama kumwambia asioge.

"Nitaweza," alisema.

"Apa."

"Naapa. Sitafagia, sitadeki, sitampa mgeni kiti, na neno zuri juu ya nyumba hii halitanitoka."

Wakaapa wote, kila mmoja mkono juu. Bibi akauchukua ufagio akausukuma chini ya kitanda chake, mpaka ukutani. "Si kwamba sikuamini, mwanangu," alisema. "Ni kwamba nakujua."

*

Ilipofika Jumamosi ua ulikuwa umechakaa kama soko lililofungwa. Majani makavu, majivu, povu la sabuni lililogandia kwenye mfereji, na katikati yake zile nywele za Redio, nyeusi na mvi zimechanganyika, zikizunguka na upepo kama mnyama asiye na mwenyewe. Dobi alisimama mezani kwake akipiga pasi, na kila alipotazama chini alihisi kama amevaa nguo kinyume mbele za watu. Mkono ulimwasha. Lakini hakufagia.

Wakaja. Dalali mbele, kichwa kimenyolewa vizuri pande zote mbili, akifuatwa na kijana wa miwani na mkewe. Mke alikuwa mjamzito, tena wa miezi ya mwishomwishoni. Viatu vyake vyeupe viliingia moja kwa moja kwenye zile nywele.

"Uwiii," alisema, akarudi nyuma.

"Samahani sana, madam," alisema Dalali, wala hakushusha sauti. "Ndiyo wapangaji hawa. Usafi kwao ni habari ya kusikia. Lakini msijali, hawa ni wa kuondoka, mtapiga maji na dawa mara moja, basi."

Yule mke akamtazama Dobi, kisha akatazama chini, kisha akayaondoa macho haraka, kama mtu aliyemfumania mwenzake bafuni. Uso wa Dobi ulipata moto kuliko pasi yake. Miaka yote aliyoishi pale, nguo za nusu ya mtaa zilipita mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kumwita mchafu. Alimeza mate. Alikunja shati, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, akaliweka juu ya mengine. Kiapo ni kiapo.

Hapo Redio akafungulia muziki. Mabati yalicheza kweli.

Yule kijana wa miwani akasimama kama aliyeitwa jina. "Aisee! Nani anapiga huu wimbo? Baba yangu alikuwa akiucheza kila Jumapili! Siujui hata jina lake!"

Redio alichungulia dirishani. Sasa, ukitaka kumwua Redio, muulize habari za muziki wa zamani kisha umkataze kujibu. Alipunguza sauti ili asikike, akataja bendi, akamtaja mpiga gitaa, akataja na mke wa mpiga gitaa. Kufumba na kufumbua, kijana alikuwa kitini, shuka shingoni, Redio anamchonga ndevu bure huku akimweleza jinsi mtaa ule ulivyo na watu wazuri na usalama wa kutosha.

Dobi alimkazia macho Bibi. Bibi akaelewa. Alishika kifua akakohoa kikohozi kirefu, kizito, cha kujivunia.

Mke akakimbia kwake. "Bibi! Pole, pole. Umekunywa dawa?" Akaanza kumsugua mgongo kwa kiganja, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Bibi hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alifungua jicho moja, na jicho likaangukia miguu ya mgeni.

"Mwanangu! Miguu imevimba hivi, nao wanakutembeza juani? Mume wako hana macho? Hiyo miwani ni ya nini? Kaa hapa."

"Hapana, Bibi, usinyanyuke."

"Kaa, nimesema. Inua miguu juu ya hiki kigoda. Ehee. Umeona? Hapa pana upepo tangu asubuhi mpaka jua linazama. Ukifungua mlango huu na ule wa kule, hutaki feni. Mume wangu, Mungu amrehemu, alipachagua hapa kwa sababu ya upepo. Mtoto wako hatatoka hata kipele cha joto."

"Mama," alisema Dobi, polepole.

"Nini? Si namwambia ukweli? Lete maji, usimwangalie mgeni kama deni."

Dobi hakuleta. Bibi akaenda kuyaleta mwenyewe.

Sasa alibaki Mwashi. Alikuwa ameegemea mlango wa chumba chake, mikono kifuani, amejipanga na maneno yake yote: chumvi, msingi, paa. Kijana wa miwani alitoka kwa Redio akinukia spiriti, akaja moja kwa moja akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Huu utavunjwa," alimwambia Dalali. "Unaonekana kazi ya kubahatisha. Sijui fundi gani aliupiga hivi."

Dobi alifumba macho. Moyoni alisema: mume wangu, nyamaza. Meza. Mimi nimemeza, nawe umeze.

"Fundi gani?" Mwashi akasema.

"Nasema tu kwamba..."

"Hapana, uliza vizuri. Fundi gani? Fundi ni mimi." Alikuwa ameshatoka mlangoni. "Ukuta wa kwanza uliangushwa na mvua, mwenye nyumba akasema hana fedha, nikaujenga upya kwa mikono hii. Mchanga nimeuchekecha mara mbili. Kitinda, niletee nyundo! Piga. Shika, piga wewe mwenyewe!"

Kijana akapiga kidogo, kwa aibu.

"Hujala? Piga!"

Akapiga. Ukuta ukalia kama kengele. Hata chembe ya lipu haikudondoka.

"Chumvi iko wapi hapo?" Mwashi alifoka, jasho linamtoka, furaha imemjaa usoni. "Msingi umeketi wapi? Njoo uone jikoni, njoo uone na paa. Dawa ya mchwa niliweka mwenyewe!"

Akamzungusha nyumba nzima. Walipanda, wakainama, wakapapasa pembe. Waliporudi uani, kijana alikuwa na vumbi magotini na macho yanang'aa.

"Mke wangu," alisema, "nyumba tumepata. Na fundi tumempata."

*

Wageni walipotoka, ua ulilipuka.

"Kazi!" Mwashi alimshika mama yake mikono akamzungusha. "Mama, nimepata kazi! Si ya kubeba zege. Kazi yangu, kwa jina langu! Amesema nitengeneze nyumba yote, nichague mwenyewe hata saruji!"

"Si nilisema yule mtoto ana adabu?" alisema Bibi.

"Na mimi ameniomba namba ya simu," alisema Redio. "Nimtafutie nyimbo."

Dobi peke yake hakusogea. Alisubiri mpaka wakaishiwa pumzi.

"Nani alivunja kiapo?"

"Mimi nilikohoa," alisema Bibi.

"Mimi nilifungulia muziki," alisema Redio. "Si kosa langu kama wimbo ni mzuri."

"Mimi niliyeogopwa," alisema Dobi, "nimesimama kwenye takataka nikaitwa mchafu usoni, sikusema neno. Ninyi mmemuuzia nyumba. Dalali hakufanya kazi yoyote leo, mlifanya ninyi. Na wewe, baba Kitinda, nyumba utakayoitengeneza ni ipi?"

"Si hii hii?"

"Na ukivunja chumba chetu, jioni utarudi wapi?"

Mwashi alirudi nyuma hatua moja. Aliutazama ukuta wake kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alinong'ona Bibi, akaketi. "Sisi ufa tumeziba, ukuta tumejenga, na bado tunatolewa."

Dobi akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaikung'uta, akajifunga upya kwa nguvu. Kisha akatoka mbio.

Aliwakuta kwenye gari mbele ya duka la kahawa. Mke ameshaingia, mume anapeana mkono na Dalali.

"Mama, mambo ya notisi mtaongea na mimi," alisema Dalali, akisogea mbele yake.

"Sina shida na wewe. Nataka huyu dada." Akainama dirishani. "Mimi ndiye yule mchafu."

Mke akashtuka. "Sikusema hivyo, mama."

"Ulisemewa. Mimi hufagia ule ua kila siku ya Mungu. Leo sikufagia makusudi, ili msiipende nyumba. Na mama mkwe wangu hana kikohozi, ni mzima kuliko mimi. Tulipanga."

Yule mke alimtazama kwa muda, midomo inatetemeka, kisha akaangua kicheko mpaka akajishika tumbo. Mume naye akacheka. Dalali hakuona cha kuchekesha.

Dobi naye alicheka kidogo, kwa sababu kicheko kilikuwa mlango, naye alitaka kupita kabla hakijafungwa.

"Sasa mnisikilize. Fundi wenu ni mume wangu. Mkitutoa, atahamia kule mwisho wa mji, atakuwa anafika kazini amechoka kabla hajashika mwiko. Vyumba vyetu ni vya nyuma kabisa. Aanze mbele, aje taratibu, vyetu viwe vya mwisho. Nasi tukae humo, bila kodi, tulinde vifaa vyenu, mpaka kazi iishe. Nina mtoto wa mtihani."

"Notisi ni mwezi mmoja," alisema Dalali.

Mume alimtazama mkewe. Mke akajifuta machozi ya kicheko.

"Mpaka kazi iishe," alisema.

"Lakini malipo ni ya kazi nzima, siyo ya siku," mume akaongeza. "Nusu sasa, nusu mwisho. Akichelewa, hasara ni yake. Sisi tulipo tunakaa vizuri, haraka hatuna."

"Hasara yetu tutaijua wenyewe," alisema Dobi, akawapa mkono mmoja baada ya mwingine, akamruka Dalali.

*

Wapangaji wengine walihama mmoja mmoja. Redio aliondoka amekumbatia kioo chake kama bibi harusi, akaweka kiti ukutani mwa duka la kahawa mpaka walipomfukuza, akahamia kona ya tatu. Kila siku alipita kuleta habari za vyumba vya kupanga, na kila siku habari zilikuwa za mbali zaidi.

Na Mwashi alijenga. Ee, alijenga! Alikuwa amepewa mchanga safi, saruji isiyochakachuliwa, na matofali yaliyolingana kama meno ya mtoto. Aliamka kabla ya wote, akaimba, akasahau kula. Ukuta wa mbele ulisimama kabla majirani hawajazoea kuuona umelala. Choo kikaisha. Vyumba vya mbele vikaisha. Wapita njia walisimama kutazama, na kila aliyesimama alimwongezea kasi. Fundi aliyekuwa amenyimwa kazi yake kwa muda mrefu anakuwa kama farasi aliyeona majani: hata ukimvuta hasikii.

Dobi alipiga pasi huku akiutazama ujenzi ukija. Kila asubuhi ulikuwa karibu zaidi. Ulipita kibaraza, ukapita chumba cha nne, sasa Mwashi alikuwa kwenye ukuta wa jiko, na baada ya jiko hakukuwa na kitu kingine ila mlango wao. Mtihani wa Kitinda ulikuwa bado. Mchana mmoja mtoto alikuwa ndani, anasoma kwa sauti, anarudia jambo lile lile mpaka limkae.

Dobi aliacha pasi. Akaja akasimama nyuma ya mumewe, mikono kiunoni.

"Pamepinda," alisema.

Mwashi aligeuka, mwiko mkononi. "Wapi?"

"Hapo."

"Hapo? Mke wangu, tangu nishike mwiko hakuna mtu aliyewahi kuniambia..."

"Mimi nakuambia. Pamepinda."

Mwashi akachukua pima maji, akailaza juu ya tofali. Kipovu kilitembea kidogo, kikatulia katikati kabisa, kama kiini ndani ya yai. Waliinama wote wawili wakakitazama. Hakikusogea. Ndani, Kitinda alikosea, akaanza tena mwanzo.

Mwashi aliinua macho akamtazama mkewe. Mkewe hakuyakwepa.

Akapumua kwa nguvu, kama mtu anayeagana na ndugu. Kisha akapitisha ncha ya mwiko chini ya tofali la juu, kabla saruji haijashika, akalinyanyua. Akanyanyua na la pili.

"Kweli," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Pamepinda! Hii ni kazi ya aibu. Lazima nirudie yote kutoka chini."

"Hata mimi napaona kutoka hapa," alisema Bibi, ambaye uzi wa sindano alitungiwa na mjukuu wake. "Pamepinda vibaya sana, mwanangu. Wala usiharakishe."